Mota Niliyoipima kwa Miguu Yangu

Dada yangu Martina uliyeko Babati,

Mimi mzima, ng'ombe wazima, ila hasira inanila. Mnara wa simu umeshasimama pale juu ya kilima na kila mtu Karatu sasa anaongea na kiganja chake, lakini kwenye simu utanicheka kabla sijamaliza. Kwa hiyo naandika. Herufi hizi unazijua, ni wewe uliyenichorea kwa kijiti kwenye vumbi la zizi nilipoacha shule darasa la pili. Bado zimepinda vilevile.

Leo asubuhi gia imevunjika meno tena. Ya tatu hiyo. Fundi wa Arusha anayenichongea anasema chuma nilichompelekea ni kibovu, mimi nasema mashine yake ndiyo mbovu, na wote wawili tunajua nilimlazimisha aichonge nyembamba mno. Nilimlazimisha kwa sababu yako.

Unaikumbuka baiskeli yenyewe, ile ya gia ambayo watalii waliiacha kempu ikiwa imepinda rimu. Niliinyoosha kwa siku moja, jambo ambalo fundi mwingine Karatu nzima asingeliweza, nikakupa wewe uteremshe nayo maziwa mpaka barabara kuu. Kuteremka ulikuwa unapepea. Kupanda ulikuwa unaisukuma, madumu matupu yanagongana, na goti la kulia unalishika kwa mkono kila ukifika kona ya mkaratusi. Mimi nimekaa kibandani nakuona. Ndipo nikatangaza kwamba baiskeli hii itapanda kilima kwa umeme wa betri. Sokoni walicheka. Wewe uliuliza tu nani atalibeba hilo betri siku likikataa.

Mota ya kwanza, ya feni ya rejeta ya gari, niliifunga gurudumu la nyuma. Kwenye tambarare iliimba. Kwenye kilima ikatoa moshi mbele ya vijana wote wa stendi. Ukasimama umeshika kiuno, ukasema, "Mdogo wangu, mimi nikipanda nashusha gia. Huyo wako hana gia ya kushusha. Mlete hapa miguu yangu ilipo." Nikakujibu uendelee na maziwa yako. Wiki iliyofuata nikaihamishia mota kwenye pedali, ivute mnyororo uleule unaovutwa na miguu, itumie gia zote za baiskeli. Kila aliyepita nilimwambia ni akili yangu. Mtalii mmoja hata alinipiga picha. Sasa naandika kwa mkono wangu: ilikuwa akili yako. Usiwasomee watu sehemu hii.

Lakini gia za ndani ni zangu, hizo siachii mtu. Mota ina mbio, haina nguvu. Kilima kinataka polepole yenye nguvu. Nilifungua stata mbili za magari mabovu, nikatoa zile gia tatu ndogo zinazomzunguka mwenzao wa katikati, nikazipanga seti mbili, moja inampokea mwenzake, mpaka mota ikizunguka mara arobaini pedali inazunguka mara moja. Hakuna mkono wa kuizuia. Niliizuia mimi kwa majivuno na kifundo bado kinauma. Grisi ilikuwa imeisha, nikapaka mafuta ya mkia wa kondoo, yale uliyokuwa unanichua nayo mgongo. Vumbi letu jekundu likaingia humo likasaga meno kama tupa, na mbwa wa jirani akalilamba boksi la gia mpaka akang'oa waya. Haya nayo ulinionya.

Tatizo ni upana. Boksi lilitoka nene kama kopo la mafuta ya kula la kilo mbili, na limekaa katikati ya miguu. Siku ya kwanza ulikanyaga mara mbili, ukashuka, ukasema miguu imetanuka kama umepanda ng'ombe, goti linakwenda nje, linauma. Watu walikuwepo wengi. Nikasema, "Goti litajifunza."

Hukubisha. Ukaipanda wiki mbili, kila siku, kwa kuwa mimi nimesema. Wiki ya tatu goti likavimba, hukuweza kuinama kukamua. Mwanao akaja na gari akakuchukua, huko nyumba yake iko tambarare. Mlangoni mwa gari hukutaja goti. Uliniagiza nimpe jirani yule ng'ombe wa madoa, maana mimi namkamua kwa hasira na atakata maziwa. Sikumpa. Amekata maziwa.

Desturi yangu unaijua. Baiskeli haitoki kibandani kabla sijampima mpandaji mguu kwa kamba ya katani, nikapiga fundo. Mchungaji nimempima. Yule Mmasai mrefu wa Soitsambu aliyeleta ng'ombe mnadani nilimpima akiwa na rungu mkononi. Wewe peke yako sikukupima. Nilikaa mimi kwenye tandiko, nikatazama miguu yangu, nikaona nafasi inatosha. Miguu yangu, ya mtu ambaye hajasukuma dumu hata moja kupanda kilima kile. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko gia zote zilizovunjika, na siwezi kumgombeza fundi wa Arusha kwa ajili yake.

Ndani ya bahasha hii kuna kamba. Kaa kwenye kigoda, weka miguu kama unakanyaga pedali, uisogeze mpaka goti linyamaze, halafu mwanao apime hapo katikati ya miguu apige fundo. Usinionee huruma kwenye kipimo. Hata ikitoka nyembamba kama kiganja, piga fundo. Gia zitavunjika, nitagombana, nitatengeneza nyingine. Na kama umeamua hurudi tena kilimani, bado nirudishie kamba ikiwa na fundo, nikae na kipimo chako.

Saa ya maziwa huwa natazama kona ya mkaratusi. Wanapita wengine.

Goti lipumzike, Dada. Safari hii itajifunza mota.

Ni mimi mdogo wako, mbishi yuleyule,
fundi wa baiskeli.