Aliyempita Mpiga Piano

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Kindu inakusalimia kwa mvua. Jana mpiga piano mashuhuri alipiga hapa mtaani Kasuku, na vidole vyake vinastahili sifa zote: hata wenye pikipiki walizima mashine wasikilize. Baadaye nikamwendea, nikamtajia jina lako.

"Feza! Wakati wa vita tulijifunza piano pamoja kwenye parokia. Mulipokimbilia Lubutu, nikabaki na mwalimu peke yangu. Mimi niko na jina, lakini yeye njo alikuwa ananipita."

Kumbe! Miaka yote ulituambia hivyo, nasi tukakucheka mezani. Unisamehe, yaya. Nilimwambia siku hizi unashona; akasema vidole havisahau. Njoo Kindu. Nitakaa mbele kabisa, nikupigie makofi kabla hujaanza.

Mdogo wako akupendaye,
Asha