Haragi Moja Yenye Ilibaki

Papa,

Ni miye Riziki, mutoto wako. Ninakuandikia na haya mingi, usinikatize mpaka nimalize.

Kwenye matanga yako, mbele ya watu wote wa mutaa wetu wa Mangobo, prefe wa masomo, mukubwa wa shule, aliniomba nishike kalasi yako ya kemia mpaka watapata mwalimu mwingine. Miye ni mwalimu wa Kifaransa tu. Lakini watu walianza kusema: si ni huyu wa ishirini juu ya ishirini ya kemia, Papa yake alikuwa anamusifu kila siku? Nilikosa namna ya kukataa. Nilisema ndiyo, huku ninalia.

Bon. Ile ishirini juu ya ishirini haikutoka kichwani mwangu. Ulikuwa umeenda kwenye kilio kule Bengamisa, kaye yako, ile daftari ya kutayarisha masomo, ikabaki juu ya meza. Nilikariri majibu yote ya mutihani wako, bila kujua hatua hata moja. Uliporudi, ukapita nyumba kwa nyumba na karatasi yangu mukononi. Tantine, ule mama mwenye kuuzisha mikate, akanipa mukate ya bure. Nikaikula. Na wewe umekufa bila kujua, Papa.

Juma hii mambo ikanikuta. Niliandika kwenye ubao H₂ + O₂ → H₂O. Oksijeni mbili kushoto, moja kuume, na jibu sikulikumbuka. Alors nikaweka mbili ndogo chini ya O ya kuume, nikawaambia iko sawa. Furaha, binti wa benchi ya mbele, akanyoosha mukono na adabu yote: “Madame, hiyo haiko maji tena. Ni ile dawa ya kusafisha vidonda.” Kalasi ikacheka. Nilimutoa inje, nikamupa sifuri ya tabia. Mutoto wa watu, na alisema kweli.

Leo Jumapili sikuenda misa. Nimekaa na mahindi na maharagi kwenye sahani, namna ulikuwa unanionyesha zamani, na miye nilikuwa ninasema ndiyo Papa, nimeelewa, juu nipate kwenda kucheza. Mahindi ni hidrojeni, maharagi ni oksijeni. Kushoto mbili na mbili. Lakini maji inaomba mahindi mbili na haragi moja tu. Haragi moja ikabaki. Kidole kikataka kuisukuma ndani kwa nguvu, ndipo nikakusikia: “Usisukume, Mama. Ongeza.”

Donc niliandika mbili mbele ya maji: mahindi ine, maharagi mbili. Kushoto mahindi ikapungua, nikaandika mbili mbele ya hidrojeni. Nikahesabu tena pande zote. Ine na ine, mbili na mbili. 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Ni hiyo tu, Papa? Kitu kidogo namna hii ndiyo niliona haya kukuuliza miaka yote? Nimelia mpaka maharagi imelowa.

Kesho nitamupa Furaha chaki, aende mbele. Miye nitakaa kwenye benchi yake, na nitamuomba musamaha mbele ya kalasi nzima. Kisha nitaanza kwa tantine wa mikate, nipite nyumba zote zenye ulipita, niwaambie kweli. Ninakuahidi, sitaruka hata moja.

Pumzika, Papa wangu. Ishirini yako ninakurudishia. Ile sifuri ya tabia ilikuwa yangu.

Riziki