Mdhamini Asiye na Nyumba

Jumanne, baada ya isha.

Bado Athumani yuko mahabusu Handeni, na mimi dada yake nimerudi mikono mitupu. Kosa lake ni kutoroka kijiji hiki cha ujamaa tulichohamishiwa kwa amri, akalale kwetu kwa zamani, Kang'ata, alinde mahindi yetu nguruwe wasiyamalize.

Karani wa mahakama hakunifokea, nisimsingizie. Alisema tu, "Mama, mdhamini awe na nyumba, na mwenyekiti wa kijiji athibitishe." Nikafurahi kama mjinga. Nyumba si ninayo?

Mwenyekiti nilimkuta ofisini kwake. Nikampa shikamoo, mtu niliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Akaipokea.

"Nyumba gani, dada? Ile ya Kang'ata tuliibomoa mlipohamia huku. Hicho kibanda unachokaa ni mali ya kijiji."

"Basi nani atamdhamini mdogo wangu?"

Akatazama pembeni. "Labda mtu wa mjini."

Mtu wa mjini simjui. Shemeji wa Mkata ana nyumba, lakini tangu asikie habari hizi...

Na mahindi leo hayana mlinzi.

Niliinua uso nisilie mbele yake, ndipo nikayaona mabati ya ofisi. Rangi ile nyekundu aliipaka marehemu mume wangu kwa mkono wake, kwenye nyumba yetu ya Kang'ata, ikamwishia, bati moja likabaki tupu. Bati hilo sasa liko juu ya kiti cha mwenyekiti.

Kumbe muda wote ule nilikuwa nimekaa chini ya paa langu, naomba nitambuliwe kuwa nina nyumba.