Kila Saa Nane

Jumatatu, 4 Machi
Dirisha la dawa leo watu sitini na wawili. Nimewamaliza kabla ya chai! Mfamasia anaandika kwenye pakiti, mimi natangaza. Yeye huandika "kila baada ya saa nane". Mimi nafupisha: Kila saa nane, mzee! Anayefuata! Mfamasia kaniita Redio. Nimekubali — redio ya betri mpya.

Jumatano, 6 Machi
Matroni katundika sanduku la bati ukutani. Ukikosea, au ukiona kosa, andika utumbukize. Jina si lazima. Anasema hatafuti mchawi, anatafuta kosa lilipopenyea. Dereva wa ambulansi kasema hilo sanduku la umbea. Tumecheka. Mimi na kosa wapi na wapi!

Jumatatu, 11 Machi
Fundi cherehani karudi, yule mwenye kidonda cha mguu. Nilimpa dawa Jumatatu iliyopita, mimi mwenyewe. Mguu umefura, unanuka. Mfamasia kamwaga vidonge mezani: kumi na vinne, kati ya ishirini na kimoja. Kamgombeza, mnaelekezwa hamsikii. Mzee kashangaa. Mbona kasikia vizuri, kijana ana sauti huyu! Kila siku, saa nane mchana, kidonge kimoja. Hakukosa hata siku moja.
Alikuwa ananisifu.
Kalazwa. Daktari hana hakika na vidole. Na cherehani yake ni ya kukanyaga.

Jumanne, 12 Machi
Nimeandika. Mistari mitatu, herufi kubwa tupu, mwandiko usijulikane. "Baada ya" — vineno viwili tu. Nilivimeza mimi, foleni iende.

Alhamisi, 14 Machi
Kikao asubuhi. Matroni kaisoma karatasi yangu. Dereva kadakia, nani huyo anaandika kama anapiga kelele? Watu wakacheka. Matroni hakucheka, wala hakuuliza nani. Kauliza: yamesemwa hivyo tangu lini, na wangapi wako nyumbani wanameza hivyo sasa hivi?
Mfamasia hajui, yeye huandika tu. Anayejua mmoja.
Nikasimama. Nikasema, tangu Januari, mama.
Hakunifokea. Kanipa daftari la dawa na simu ya ofisi. Niko navyo hapa. Fundi bado wodini, mguu juu ya mto. Walioandikiwa saa nane, wa wiki hii peke yao, ni arobaini na watatu. Wa kwanza mama mmoja, mwanawe ana kifua. Sijamaliza hata salamu — ondoa shaka, mwanangu, dawa tunayo, tunangoja tu saa nane ifike.
Wa pili simu inaita. Hapokei.