Pasipoti ya Kurudia

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Kibaha
Jina: Naila Zubeir Mwishehe
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha tatu
Dini: Mwislamu
Makazi: Mkuza, Kibaha Mjini

Leo ni Alhamisi, tarehe 11 Juni 2026. Nimeomba kuandika maelezo haya kwa mkono wangu mwenyewe, na Koplo Laurensia amenikubalia. Naahidi kueleza yote ninayoyajua kuhusu pasipoti yangu ya Tanzania. Sitaruka hata yale yanayomhusu mtu ninayempenda, kwa sababu mtu mwingine ninayempenda amelala mahabusu kwa ajili ya pasipoti hiyo.

Mimi ni raia wa nchi mbili. Mama yangu, Faudhia Maulidi, ni Mtanzania. Baba yangu ni mtu wa Janga, huku huku Kibaha, ila alikuwa ameshapata uraia wa Uingereza alipokuja kumwoa mama. Aliondoka tena mama akiwa na mimba yangu. Huwa tunaongea kwa simu kila Ijumaa baada ya swala, lakini sijawahi kumwona ana kwa ana. Mwezi wa nne mwaka huu nilipata pasipoti ya Uingereza kupitia kwake. Tulielekezwa kwamba nikitoka Tanzania nioneshe ya Tanzania, nikiingia Uingereza nioneshe ya Uingereza, na nikirudi nifanye kinyume chake. Nikitimiza miaka kumi na nane nitatakiwa kuchagua nchi moja. Kwa sasa zote mbili ni zangu kihalali, na nilipaswa kusafiri nazo zote mbili.

Mnamo tarehe 7 Juni, siku ya Jumapili, mimi na mama tulikwenda Msimbu, Kisarawe, kumuaga bibi mzaa mama, Mwanamkuu. Mjomba Bilali, mdogo wake mama, anaishi naye hapo na wanalima muhogo na korosho. Tulikula wali na kisamvu. Mjomba alinitania tangu tulipofika. Alinipa shikamoo, akaniita mtalii, akasema nikirudi atanitoza kiingilio cha kuliona shamba. Mama alipomwambia aache, alisema, "Ningekuwa mimi, kitabu kimoja ningekificha. Binadamu mmoja vitabu viwili vya nini?" Tulicheka wote, na mama pia alicheka.

Baada ya chakula bibi aliomba kuviona hivyo vitabu. Bibi hasomi maandishi ya kizungu, anasoma Kurani tu, lakini alitambua nembo. Cha Tanzania alikiita cha bibi na bwana, na kile kingine akakiita cha simba. Aliniuliza kila kimoja kazi yake. Nilimjibu kwa kifupi, nikidhani nimeeleza vizuri: "Cha simba ndicho cha kuingilia kwao. Hiki cha bibi na bwana ndicho cha kurudia nyumbani." Bibi alitikisa kichwa, akasema amenielewa.

Kisha nilivirudisha vyote viwili kwenye begi langu la mgongoni, naye akalichukua, akaingia nalo chumbani kwake kulisomea dua, akafunga mlango. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Begi likishasomewa dua halifunguliwi tena mpaka msafiri awe safarini. Kwa hiyo hakuna aliyelifungua. Mjomba Bilali ndiye aliyelibeba hadi kwenye bodaboda.

Mnamo tarehe 8 Juni, saa nane mchana, nilifika uwanja wa ndege Dar es Salaam nikiwa na mama. Kwenye kaunta ya ndege nilichomoa begini pasipoti ya Uingereza tu, wakapokea sanduku langu na kunipa kadi ya kupandia. Nilimkumbatia mama, nikaingia peke yangu. Afisa wa uhamiaji aliipekua ile pasipoti, akaniambia kwa upole kwamba haina muhuri wa kuingia nchini. Nilimjibu kuwa mimi ni Mtanzania, sikuingia, nilizaliwa hapa. Akasema, "Sawa, mdogo wangu. Nioneshe ya Tanzania." Nilifungua begi. Haikuwemo. Nilitoa vitu vyote, nikavipanga juu ya kaunta, na watu waliokuwa nyuma yangu wakahamia mstari mwingine. Ndege iliondoka bila mimi. Baba alikuwa ameniahidi kwamba nitamtambua kwa koti la kijani. Mama ndiye aliyempigia simu kumwambia asiende kunipokea.

Tulipofika nyumbani mama hakula. Alikuwa akirudia maneno ya mjomba, yale ya kuficha kitabu kimoja, na safari hii hakucheka. Kesho yake alikuja hapa kituoni akaeleza kwamba anamshuku mdogo wake, kwa sababu alitamka mwenyewe na begi alilibeba yeye. Mimi nilisema mjomba hawezi. Mama aliniambia mimi ni mtoto.

Jumatano mjomba aliitwa, akaja mwenyewe kutoka Msimbu. Nasikia alipoulizwa kama amechukua pasipoti alisema hapana, na alipoulizwa nani mwingine alilishika begi, alinyamaza. Afande, mjomba Bilali huwa hanyamazi. Hata msibani huwa anaombwa apunguze sauti.

Leo asubuhi nilimletea chai na maandazi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama maandazi nimepika mimi, maana anataka kujua kama afie hapa au nyumbani. Nilimwambia tiketi imesogezwa hadi Jumamosi, na kwamba nitaitafuta pasipoti mpaka niipate. Hapo ndipo alipoacha kutania. Alisema, "Naila, usiende kumsumbua bibi yako."

Mimi sikuwa nimemtaja bibi kabisa. Nilielewa kwamba mjomba anajua, au amehisi, na kwamba ameona heri alale yeye mahabusu kuliko mama yake mzazi aitwe kituoni. Nilimwomba mama ruhusa ya kwenda Msimbu, nikapanda gari la kupitia Kiluvya.

Nilimkuta bibi akimenya muhogo. Alinikaribisha kwa utani wake wa siku zote, "Mke mwenzangu, umesharudi kutoka Ulaya?" Nilimwambia sikufika, nikamweleza yote, hadi mahali alipo mjomba. Aliweka kisu chini. Hakuwa amejua. Mjomba alipoondoka jana alimuaga kwamba anakwenda kuangalia bei ya korosho.

Bibi aliingia ndani, akatoka na kanga iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na pasipoti yangu ya Tanzania. Hakuificha wala hakuikana. Familia yetu ina desturi kwamba anayesafiri mbali huacha kitu chake kwa mzee wa nyumba, na hakifuliwi wala hakiguswi mpaka arudi. Mjomba alipokwenda Mtwara, shati lake lilining'inia kwa bibi mwaka mzima. Nilimuuliza bibi kwa nini hakuniomba nguo. Alisema, "Wewe mwenyewe umenambia hiki ndicho cha kurudia. Cha kurudia kinakaa unakorudi." Kisha alisema, "Baba yako hakuacha kitu."

Nilikaa naye kidogo. Nilimweleza upya, polepole, kwamba bila kitabu hicho siwezi hata kutoka, na kwamba yule afisa wa uhamiaji nitamkuta tena siku ya kurudi. Bibi alisema kama kuna kosa liandikwe jina lake, atakuja mwenyewe, ila mwanawe atoke. Alinikabidhi pasipoti kwa mikono miwili.

Mimi nimemwachia sketi yangu ya shule. Shule itafunguliwa Julai na sina nyingine, kwa hiyo bibi anajua nitarudi. Nami najua.

Pasipoti hiyo namba zake zote ziko sawa, haijachanwa wala kulowa, nami ninaiweka mezani kwa afande aikague. Haikuibiwa. Mjomba Bilali hakuigusa. Bibi hakukusudia kunizuia, alikusudia nirudi. Mama naye hakusema uongo, aliogopa tu, na amekaa hapa kando yangu ninapoandika. Nilipofika kwenye maneno ya bibi kuhusu baba, aliomba kalamu iwekwe chini kwanza, kisha akasema niendelee.

Yote niliyoyaona na kuyasikia nimeyaandika hapa, bila kutishwa wala kuahidiwa chochote. Nina ombi moja, nijibiwe leo hii kabla sijaondoka: mjomba wangu atatoka saa ngapi, nimsubiri hapo nje twende nyumbani pamoja?

Sahihi: Naila Z. Mwishehe

MAELEZO YA AFISA: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu na mbele ya mama yake mzazi, ambaye ndiye mlalamikaji. Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Pasipoti nimeikagua na kumrudishia. Mlalamikaji ameomba kuondoa lalamiko lake na mkuu wa kituo ameridhia. Bibi wa shahidi hahitajiki kufika. Kuhusu swali la shahidi: asubiri hapo nje, mjomba wake anavaa viatu.

Koplo Laurensia
11/06/2026, saa 10:40 jioni