Mbuzi Aliyekula Rosemari ya Baba

Costa dei Merli, 14 Oktoba

Kaka yangu Ottavio,

Salamu kwako, kwa wifi Noemi, na kwa magoti yako yote mawili, maana Mama ameniambia la kushoto limeanza kukusumbua ukipanda ngazi. Naliombea lipone. Mimi ni mzima, kama mtu anayekunywa kahawa na hasira kila asubuhi tangu Pasaka anaweza kuitwa mzima. Mama hajambo. Anakula, anagombana na redio, na kila Jumapili anauliza kama huko Torino barabara za kurudi kwenu zimefungwa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Ya pili utaikuta mwishoni, nami nakuomba ufike huko hata kama njiani utatamani kuichana karatasi hii.

Nimepata habari kwamba wiki iliyopita ulimwambia Mama ni ajabu kwa mwanamke anayeotesha vyungu elfu sitini vya rosemari kwa mwaka kushindwa kuutunza mche mmoja ukutani kwa mama yake. Mama alinifikishia maneno hayo mbele ya jirani yetu Agostina, mkate ukiwa bado mdomoni mwangu. Agostina alicheka mpaka akashika meza, akasema basi fundi viatu ndiye anayetembea peku. Nilimwambia akamalizie kicheko chake kwake. Sasa nikueleze mambo yalivyokwenda, kwa hesabu, kwa kuwa wewe una maneno na mimi nina hesabu.

Mche ule una miaka thelathini na minane. Baba aliupanda wewe ukiwa na kumi na minne na mimi kumi na miwili. Rosemari ya umri huo ni sawa na mzee: humfundishi mwendo mpya. Unampa jua, unamwondolea maji miguuni, unamwachia amani yake. Nilikuwa naupogoa kila mwaka baada ya maua, ncha tu, pale penye majani, na shina lilikuwa nene kuliko paja langu. Wewe ukaja Pasaka, siku tatu, kichwani una video uliyotazama na mkononi mkasi mpya ambao karatasi ya dukani ilikuwa bado imening'inia. Mimi nilikuwa kitaluni, kwa sababu wiki ile ndiyo ya kupakia malori, jambo ambalo ungelijua kama ungewahi kuuliza. Niliporudi ulikuwa umekata matawi tisa kati ya ishirini na matatu, umekata mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, na ulikuwa unamweleza Mama kwamba umeurudishia ujana.

Kaka, rosemari haichipui kwenye mti mkavu. Hakuna mtu wa bonde hili asiyejua hilo, hata padri anajua. Matawi yale tisa hayakutoa hata jicho moja. Ndipo nikakuita Mbuzi mbele ya wanao, kama Baba alivyokuita, kama kijiji kizima kinavyokuita hadi leo ukishuka kwenye basi. Ulifuta mkasi kwa leso ukaingia ndani. Kunyamaza kwako kule nitakurudia.

Haikutosha. Mwishoni mwa Agosti wakaja mbawakawa. Unawajua, wale wa kijani wenye mistari ya zambarau, wanaong'aa kama vifungo vya koti la harusi. Mama alidhani ni wazuri akawaacha. Agostina akasema rosemari iliyovaa vito namna ile inatafuta mume wa pili. Uliposikia, badala ya kuniuliza mimi ambaye nimepambana na wadudu hao miaka ishirini, ulituma kwa posta chupa ya sumu. Kwa posta, Ottavio, kwa mwanamke wa miaka themanini na miwili anayechuma rosemari kila siku kwa ajili ya viazi na kila Jumapili kwa ajili ya kitoweo cha sungura! Maandishi ya chupa yalisema mmea usiliwe kwa siku ishirini na moja. Unajua niliikuta wapi? Rafuni, pembeni ya mafuta ya zeituni. Niliibeba kwa ncha za vidole nikaipeleka wanakopokea takataka za sumu, na njia nzima nilikuwa nakutukana kwa sauti, dirisha la gari likiwa wazi.

Dawa ya mbawakawa ni mikono. Unatandika shuka jeupe chini asubuhi wakiwa bado wazito kwa umande, unatikisa matawi, unawamwaga kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Siku ya kwanza niliwahesabu mia mbili na kumi na wawili. Ya pili mia moja na arobaini. Ya tatu sitini na mmoja, kisha kumi na wanane, kisha watatu. Mabuu yao ya kijivu niliyatoa kwa kidole, jani kwa jani, magoti yangu kwenye mawe, nami pia nina magoti. Siku kumi na mbili nilipanda kutoka kitaluni kabla wafanyakazi hawajaingia. Wewe ulituma picha ya mche wa mtu mwingine.

Wadudu wakaisha, na mche haukupona. Hapo ndipo nilipoogopa. Ncha za majani ziliungua rangi ya kahawia kuanzia pembeni, na mbawakawa hafanyi hivyo, mbawakawa hutafuna. Nilikwangua gome kwa ukucha kwenye matawi kumi na manne yaliyobaki. Tawi likiwa hai, chini ya gome huwa kuna kijani. Nilikuta kijani kwenye tawi moja. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, akaniuliza tarehe mbili Novemba atampelekea Baba, Bastiano wake, nini kaburini. Unajua asivyotaka maua ya dukani. Miaka kumi na sita, kila Siku ya Marehemu, ni fungu la rosemari ile ile, limefungwa kwa uzi wa jikoni, ananusa vidole vyake njia nzima ya kurudi kutoka makaburini. Nilimjibu kwamba litapatikana. Nilisema hivyo nikiwa sijui litatoka wapi.

Nikachimba kidogo kwenye shina. Udongo ulikuwa na ukoko mweupe. Nikautia kwenye ulimi.

Chumvi.

Unakumbuka ukame wa mwaka huu na amri ya meya kwamba mtu asimwagilie bustani kwa bomba. Kijiji kizima kiliweka ndoo chini ya sinki. Ndoo ya Mama nilimletea mimi, nikamwambia aweke maji yote ya jikoni. Nilikuwa na maana ya maji ya kuoshea saladi na matunda. Wewe ukampigia ukaongeza kwamba maji ya tambi ndiyo bora zaidi kwa kuwa yana wanga na mmea unashiba. Mama ni mtu mtiifu kwa watoto wake kuliko sisi tulivyowahi kuwa kwake. Kila mchana alichemsha tambi zake kwenye lita tatu za maji, na kila lita aliitia chumvi yake kama alivyofundishwa na mama yake, akasubiri yapoe, akaimwagia rosemari ya mumewe. Gramu thelathini kwa siku, siku sabini. Ni kilo mbili na gramu mia moja za chumvi kwenye shina moja. Nilileta maji ya mvua kutoka tangi la kitalu, lita mia mbili, kuusafisha udongo. Nilikuwa nimechelewa. Tawi lile moja lilikauka Jumanne iliyopita.

Mama hajui. Nimemwambia walioua mche ni mbawakawa, naye amewalaani wale wadudu kwa majina ambayo sikujua anayajua. Wewe pia utasema ni mbawakawa. Katika hili sikuombi, nakuamuru. Ukimtajia Mama neno chumvi nitakuja Torino kwa gari nikupogoe kwa mkasi wako mwenyewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea jana. Nilimpelekea mche mchanga kutoka kitaluni, wa miaka miwili, ili kabla ya tarehe mbili awe na kitu cha kufunga kwa uzi. Nilidhani atanuna kwamba ni wa chungu. Alichuma kijitawi, akakisugua, akanusa, akakaa chini. Akanusa tena. Unakumbuka rosemari ya Baba ilivyokuwa na harufu ya limau mwanzoni na kafuri mwishoni, na maua yake ya buluu iliyokolea yanayotoka hadi Oktoba. Mama akasema huu ni wa Bastiano. Akaniuliza nimeutoa wapi. Mimi ninayejibu maswali ya wanunuzi wa nchi tano, nikaanza kukifuta chungu udongo ambao haukuwepo, kama mtoto aliyevunja sahani.

Mama akajijibu mwenyewe. Akasema sasa ameelewa. Akasema kumbe yale matawi Mbuzi wetu aliyokata mwaka ule hakuyatupa, aliyapanda mahali, mtoto masikini, na Baba akampiga bure. Akalia kidogo, kisha akacheka, akasema Jumapili ijayo baada ya misa atakupigia simu akushukuru.

Ottavio, nilikasirika kuliko siku ya mkasi. Nilitoka nje nikaupiga teke ukuta, na kidole gumba bado kimevimba. Wewe! Ushukuriwe wewe! Nilifika nusu ya ngazi nikiwa nimekasirika hivyo, ndipo nikasikia mwenyewe nilichokuwa nasema, nikakaa kwenye ngazi.

Unaukumbuka mwaka ule kuliko mimi. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemwomba Baba kipande cha ardhi nyuma ya pampu ya maji na ruhusa ya kukata vipandikizi kwenye rosemari yake, kwa kuwa nilikuwa nimeona hakuna mche wa kufanana nao bonde zima. Akanijibu kwamba ardhi ni ya mvulana na mche ni wake, na msichana akaoteshe kwenye nyumba atakayoolewa. Hata tawi moja hakunipa. Jumapili ya maandamano ya mtakatifu wetu, nikasema jino linaniuma. Ninyi mkaenda. Mimi nikachukua kisu cha jikoni nikakata vipandikizi arobaini, nikaviweka kwenye makopo ya nyanya, nikayaficha kwenye banda la kuku la bibi yake Agostina. Nilikata kwa pupa na vibaya. Mche ulionekana kama umevamiwa.

Baba aliporudi hakuuliza. Alikutazama wewe kwa sababu wewe ndiye uliyetoka kwenye maandamano kabla ya wakati, nasi sote tulijua ulikwenda kuonana na msichana wa mwokaji mikate. Akakuzaba kibao mbele ya wageni wa chakula cha sikukuu. Akasema una mikono ya mbuzi, kila inachogusa kinaliwa. Mimi nilikuwa nimekaa pale na leso shavuni, nimeshikilia jino langu zima. Ulinitazama. Sijui kama ulijua. Ulinyamaza vile vile ulivyonyamaza Pasaka. Mwezi uliofuata ukapanda treni ya Torino, na jina likabaki hapa likikungoja.

Vipandikizi thelathini na kimoja vilishika mizizi. Vyungu vyangu vyote elfu sitini ni wajukuu na vitukuu vyao. Nimewaambia watu wote, na benki, na mwandishi wa gazeti aliyenipiga picha, kwamba miche mama niliinunua mbali na kwamba nilianza na mikono mitupu. Si kweli. Nilianza na kisu, na rosemari ya Baba, na shavu lako. Miaka thelathini nimekuita Mbuzi kwa sauti kubwa kuliko wote, na sasa najua kwa nini ilibidi iwe kubwa.

Bado nimekukasirikia kuhusu matawi tisa. Hilo lisimame palepale. Na chupa ile rafuni sitakusamehe mpaka mwaka mpya.

Lakini njoo Jumamosi tarehe ishirini na sita. Shimo la zamani halifai tena, udongo wake wote lazima uondolewe, kama toroli kumi na tano, nami sitaki kumlipa mtu kwa kazi ya mikono ya mbuzi. Mkasi uache Torino. Tutaupanda ule mche mchanga mahali pa baba yake, na nitamwambia Mama mbele yako ulitoka wapi. Nitamwambia na Agostina, ili kijiji kijue kabla ya chakula cha mchana.

Jumapili hii Mama atakupigia kabla sijamwambia ukweli. Usimkatize wala usimsahihishe. Kile kibao kilikuwa changu, nawe ukakibeba peke yako. Shukrani hizi pia ni zangu; nibebee na hizi, mpaka Jumamosi ile utakapokuja, nivichukue vyote viwili.

Msalimie Noemi na watoto. Waambie shangazi yao alikosea mnyama. Mama anakutumia mafuta ya zeituni ya mwaka huu, machache lakini makali, na mimi nimeweka ndani ya bahasha hii kijitawi kimoja cha mche. Kisugue kabla hujakinusa.

Dada yako,
Delfina