Lete za Plastiki

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko zitakavyoenea kwenye karatasi hii. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, yule mdogo ameacha kula chaki? Sisi huku tu wazima, ila uzima wenyewe ni wa kutembea tu, si wa kucheka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga, Baba huja kuketi kando yangu, na haya siwezi kuyasema akiwa ananitazama.

Kwanza ahsante kwa mzigo. Giya za chuma, difu ya chuma, shafti za chuma, vyote vilifika salama. Nilivipima mkononi nikasema, Dada kamaliza kazi. Ulishachoka kusikia kila nikipiga simu kwamba lori la rimoti la Baba limevunjika tena, giya imekuwa kibogoyo tena. Jina langu hilo nimeiazima giya kwa roho safi.

Unajua mambo yalivyoanza. Mama alipokuwa hai, Baba aliliendesha kwa betri ya seli mbili, taratibu, likipanda yale mawe nyuma ya nyumba bila haraka na mtu. Tulipomzika Mama, akanunua betri ya seli tatu. Lori likawa linaruka kama limetukanwa. Analisimamisha mbele ya jiwe kubwa, anabonyeza mpaka mwisho, magurudumu yamenasa, mota inavuta, na meno ya giya yanakwisha papo hapo: krrr! Na huyu ndiye fundi aliyefungua giyaboksi za malori ya kweli maisha yake yote, akiwafokea madereva kwamba nguvu bila adabu ni hasara. Yule kinyozi jirani, ambaye naye ana gari lake la rimoti, alimuuliza kama lile ni lori au blenda. Akamshauri arudi kwenye seli mbili, au alegeze klachi iteleze kidogo mota inapozidi. Baba akamjibu kwamba yeye kazi yake ni vichwa vya watu, lori amwachie mwenyewe.

Mimi nikaona ni ubishi wa uzee. Nikakwambia wewe, nawe ukatuma chuma.

Baba alikifunga mwenyewe, na lori likapanda jiwe lile bila kukatika kitu. Kesho yake vilevile. Mwezi mzima, seli tatu, hakuna hata jino lililochubuka. Kinyozi alipiga makofi, nami nikapiga makofi kama mjinga. Sikuona kwamba Baba hapigi.

Dada, ameanza kukaa tu. Sijui niseme vipi vinginevyo. Anakaa kitandani na viatu miguuni, kama anayesubiri kuitwa. Meza yake ya kazi imeshika vumbi, na unamjua, zamani vumbi kwenye meza ile lilikuwa tusi. Chakula anakigusa ili kuniridhisha mimi. Amekonda hadi mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa, ila asiachwe peke yake. Nikimtolea lori ananiambia halina tatizo, na anavyolisema neno hilo ungedhani anatangaza msiba. Niliogopa, Dada. Niliona kabisa kwamba tutamzika na huyu.

Siku moja nikawa napangusa ile meza, nikakikuta kikopo cha vifungo cha Mama. Ndani hamna vifungo, mna vipande vyembamba vya karatasi. Hapo ndipo akili iliponirudi. Unakumbuka? Giya mbili zinazosukumana lazima ziachiwe nafasi kidogo: zikibanana zinalana, zikiachana mno zinang'oana meno. Baba alipima nafasi hiyo kwa kipande cha karatasi. Kinawekwa katikati ya giya, skrubu zinakazwa, kisha giya inazungushwa mpaka kipande kitoke. Na karatasi yenyewe ilikuwa ile ya Mama ya kukatia mitindo ya nguo. Alikuwa anaiacha cherehani, anakuja na mkasi, anakata kipande, anakishika mwenyewe huku Baba anakaza. Kubishana sasa! Mama anasema zipe pumzi, Baba anasema pumzi imetosha, Mama anasema ungekuwa giya wewe ungelia. Sisi tulikuwa tunawacheka. Kumbe ile ndiyo ilikuwa ndoa yenyewe.

Kila giya iliyokatika ilimpa Baba sababu ya kufungua kikopo kile na kuketi na Mama. Sisi wawili, kwa mapenzi yetu, tukamnyang'anya.

Sasa nikuungamie. Juzi alipopelekwa kliniki na kinyozi, nilifungua lori, nikaitoa giya yako ya chuma, nikarudisha ya plastiki. Nikachaji seli tatu zikajaa. Aliporudi nikambembeleza aliendeshe mara moja tu. Akabonyeza bila hamu. Krrr! Alijua papo hapo, maana sikio lile hulidanganyi. Nikangoja matusi. Alilitia lori kwapani, akaenda mezani, akavuta kiti, akaomba bisibisi. Halafu akavua viatu, Dada. Alivua viatu.

Aliniambia nishike kipande cha karatasi kutoka kikoponi. Nilikibana mno, akaniambia nizipe pumzi, na neno hilo ndilo lililomliza. Hakuwa amelia hata makaburini. Akasema, huku anakaza skrubu, kwamba alijua tangu mwanzo betri ile imezidi. Alitaka kitu kivunjike ambacho anaweza kukitengeneza, kwa sababu kumtengeneza Mama kulimshinda. Kisha akasema chuma chako ni kizuri, hakina kasoro, ila mtu hutuma chuma pale asipotarajia kurudi karibuni. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira nisingekuandikia.

Kipande kile nimekutilia ndani ya bahasha. Kiinue kwenye mwanga utaona meno yalivyokikunja. Kikoponi vimebaki vichache mno. Karatasi ya mitindo ipo, bunda zima, lakini nilipokata mimi kwa mkasi wa jikoni, Baba alikitazama kipande changu akakiweka kando taratibu, akasema Mama hakukata hivi. Mkasi wa Mama unao wewe. Uliuchukua siku ya matanga uwe ukumbusho, na hakuna aliyekunyima. Kukata alikufundisha wewe, si mimi.

Basi usitume tena kitu. Giya nunua za plastiki, zile dhaifu, za bei rahisi, nyingi uwezavyo, na uzilete mwenyewe. Mkasi usimpe mtu akuletee. Uje nao.

Nisalimie Shemeji na watoto. Baba hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake hapa nimezitunga mimi, lakini ni za kweli. Anauliza utakuja lini.

Ni mimi mdogo wako,
Kibogoyo